Kitunguu Kinahesabu Mwanga

Nyuma ya jiko letu hapa Kihesa, Iringa, kuna tuta lenye urefu wa hatua kama sita, na mwaka ule lilipendeza kuliko tuta lolote nililowahi kulima. Majani ya vitunguu yalinifika magotini, mazito, ya kijani iliyokolea, na kila aliyeingia uani aliyasifia kabla hajafika mlangoni. Nikasubiri. Mwezi wa nne ukapita, wa tano, wa sita. Kila Jumamosi nilikuwa nafukua udongo kidogo kwa kidole kwenye shina, nakuta shingo nyeupe nene kama dole gumba, imenyooka kutoka juu hadi kwenye mizizi. Tunguu hakuna. Ni kama mtu aliyevaa nguo za harusi na harusi yenyewe haipo.

Mbegu ile aliileta wifi yangu. Anaishi Hamburg, na alipokuja likizo ya Krismasi alinikabidhi bahasha yenye picha ya vitunguu vya rangi ya dhahabu, vikubwa, vimelazwa kwenye kikapu. Nilifurahi sana. Nikaisia kitaluni Januari, nikahamisha miche Machi, nikaitunza kama mtoto. Samadi ilikuwepo, maji yalikuwepo, magugu niliyang'oa kwa mkono.

Julai akaja shangazi yangu kutoka Ilula, kwa ajili ya kipaimara cha mwanangu. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za nyumbani moja baada ya nyingine, akaenda mwenyewe nyuma ya jiko, maana shangazi hawezi kukaa kwenye nyumba ya mtu bila kuona shamba lake. Akang'oa kitunguu kimoja, akakibonyeza shingoni kwa vidole viwili, akakikata katikati kwa ukucha na kukinusa.

"Mwanangu, mbegu hii umeitoa wapi?"

"Ujerumani, shangazi. Ameileta wifi."

"Haivimbi hii. Hata ukiiacha mpaka Krismasi. Mbegu ina kwao."

Shangazi amelima vitunguu tangu kabla sijazaliwa, na neno lake lilinitosha. Lakini nilitaka kujua kwa nini, nikaanza kusoma, na nilichokikuta kimebadilisha namna ninavyolima kila kitu cha ukoo huu: vitunguu maji, vitunguu saumu, liki, na hata majani ya vitunguu yale ya kukatia kwenye mchuzi.

Kitunguu kinahesabu mwanga. Hakiweki tunguu kwa sababu kimeshiba au kwa sababu miezi imetimia. Majani yake hupima urefu wa mchana, na mchana ukifika kipimo ambacho aina hiyo imezaliwa nacho, mmea huacha kutoa majani mapya na kuanza kushusha chakula chini, kwenye vitako vya majani, ambavyo ndivyo hivyo vinavyovimba tabaka juu ya tabaka mpaka tukapata kile tunachokiita kitunguu. Wamarekani wawili, Garner na Allard, ndio waliochapisha mwaka 1920 utafiti ulioonyesha wazi kwamba mimea huongozwa na urefu wa mchana. Wao walianza na tumbaku na soya, ila kitunguu ni mfano mzuri kuliko hiyo yote kwa mtu mwenye tuta nyuma ya jiko.

Aina za Ulaya ya kaskazini zinasubiri mchana wa saa 14 mpaka 16. Nikakumbuka wifi alivyowahi kunipigia simu mwezi wa sita, huku kwetu watoto wameshalala, akaniambia, "Wifi, ni saa tatu na nusu usiku na jua bado ninaliona." Huko Hamburg mchana wa Juni hufika karibu saa 17. Sasa njoo Iringa. Sisi tuko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote, wa Desemba, ni saa 12 na nusu hivi, na ule mfupi wa Juni ni kama saa 11 na dakika 40. Tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja. Mmea wa wifi ulikuwa umesimama kwenye tuta langu ukingoja mchana ambao hapa haujawahi kufika tangu dunia iumbwe.

Ndiyo maana Red Creole, Red Bombay, Texas Grano na Mang'ola Red, ile iliyopewa jina la Mang'ola ya kule Karatu karibu na Ziwa Eyasi, zinazaa kwetu. Kipimo chao ni saa 11 au 12 hivi. Wataalamu huziita aina za siku fupi, na jina hilo limewapotosha wengi, kwa sababu hata hizo zinapenda mchana ukirefuka, ila zinaridhika mapema. Joto nalo linaongeza mwendo. Ukishuka Mlima Kitonga kuelekea Dar es Salaam, unaingia bonde la Ruaha Mbuyuni, joto linakupokea usoni, na pale basi likipunguza mwendo tu vijana wanakimbilia madirishani na vitunguu vyekundu kwenye nyavu. Wao wana mwanga uleule wa kwetu, ila wana joto ambalo sisi huku juu hatuna. Mtu wa Kihesa akifuata kalenda ya mtu wa Ruaha Mbuyuni kwa sababu wote ni wa mkoa mmoja, atalia.

Basi kalenda yangu ya huku juu, baada ya misimu kadhaa ya kukosea, ni hii. Kitalu nakisia mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, mvua zikianza kuchoka. Miche naihamisha mwishoni mwa Mei. Inakaa Juni na Julai ikijenga majani kwenye baridi, polepole sana, mpaka unaanza kuingiwa na wasiwasi. Agosti mchana unarefuka, jua linapata nguvu, na hapo ndipo shingo zinaanza kupasua udongo. Navuna mwishoni mwa Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijarudi.

Mwaka mmoja nilijaribu kuharakisha nikapanda Desemba. Ilinyesha wiki tatu mfululizo. Majani yakaanza kupata madoa meupe yaliyodidimia, kisha katikati ya kila doa pakawa na rangi ya zambarau yenye duara ndani ya duara, kisha jani likavunjika palepale penye doa. Ugonjwa huo unaitwa doa la zambarau, ni wa ukungu, na unapenda majani yaliyolala na maji. Nilitoa tuta zima. Tangu hapo vitunguu maji kwangu ni zao la kiangazi, na msimu wa mvua tuta lile ni la maharage na mchicha. Hata hilo lina faida yake, kwani vimelea vya magonjwa ya vitunguu hubaki udongoni, na kupanda vitunguu juu ya vitunguu ni kuvilisha. Mwenye nafasi apumzishe sehemu hiyo miaka mitatu. Mimi nina matuta manne, nayazungusha.

Niseme kuhusu mbegu, maana hapo ndipo watu wengi wanapoibiwa bila kujua. Mbegu ya kitunguu inazeeka haraka kuliko karibu mbegu zote za bustani. Baada ya mwaka mmoja kwenye joto la kawaida nguvu yake inakuwa imekwisha kwa sehemu kubwa. Duka moja la pembejeo liliniuzia kopo lililokuwa limekaa juani dirishani, tarehe yake imefutika, na kati ya mistari kumi ya kitalu ikaota miwili. Sasa sisii kitu kabla sijajaribu. Nachukua mbegu 20, nazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, naweka kwenye kisahani juu ya kabati la jikoni penye joto kidogo, na baada ya siku 10 nahesabu. Zikiota 15 nasia. Zikiota 8 narudi dukani na kitambaa changu mkononi nikawaonyeshe.

Na uotaji wenyewe ukipata nafasi uutazame kwa karibu. Mbegu ni nyeusi, ina pembe pembe, kama chembe ya mkaa. Mche wa kwanza hautoki na kichwa. Unatoka umejikunja kama sindano iliyopindwa, goti likiwa juu na ncha bado imezama udongoni inanyonya akiba ya mbegu. Unakaa hivyo siku kadhaa. Kisha asubuhi moja unakuta umenyooka, na ganda jeusi la mbegu limening'inia kwenye ncha kama kofia. Wakati wa goti usimwagilie kwa kopo linalomwaga maji kwa kishindo, maana udongo ukitengeneza ukoko juu, goti linakatika. Mimi natandaza nyasi kavu nyembamba juu ya kitalu na kumwagilia juu ya nyasi. Goti likishaonekana naziondoa, na naziondoa jioni, siyo mchana wa jua kali.

Wiki 6 mpaka 8 kitaluni, huku kwenye baridi zaidi 8 kuliko 6, mche unakuwa mnene kama kalamu ya risasi au pungufu kidogo. Huo ndio wakati. Nafasi ni vidole vinne kati ya mche na mche, yaani sentimita 10 hivi, na shibiri kati ya mstari na mstari. Usizamishe mche. Wengi wanauchimbia kana kwamba ni mche wa nyanya, kumbe kitunguu kinataka kukaa juu juu, mabega yake yaone jua. Mizizi yake nayo haiendi mbali, mingi iko ndani ya sentimita 30 za juu, ndiyo maana kinahitaji maji kidogo kidogo mara kwa mara kuliko maji mengi mara moja kwa wiki. Na kwa kuwa majani yake ni mirija iliyosimama, hayatoi kivuli, kila gugu linalotaka kuota linaota. Ni mazao machache ya bustani yanayoshindwa na magugu upesi hivyo. Palizi ya mkono, wiki kwa wiki, na kijembe kidogo pembeni tu.

Samadi iliyooza vizuri naichanganya kabla ya kupanda, pamoja na majivu ya jikoni, kwa sababu udongo wetu mwingi wa nyanda za juu una uchachu na kitunguu hakiupendi. Mbolea ya kukuzia, kama unaitumia, iishe mapema. Tunguu likishaanza kuvimba, kila kijiko cha urea unachoongeza kinakwenda shingoni, na kitunguu chenye shingo nene hakifungi mdomo wala hakidumu ghalani.

Mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, ina salfa ndani yake, na salfa ndiyo asili ya ukali. Ukikikata kitunguu unapasua vyumba vidogo sana ambamo kimetenganisha vitu viwili kwa uangalifu. Vikikutana, inatengenezwa hewa ambayo ikigusa unyevu wa jicho inauma, na jicho linajitetea kwa machozi. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kuna kimeng'enya cha pekee, yaani kichocheo kilichomo ndani ya kitunguu chenyewe, kinachofanya kazi hiyo ya machozi. Mimi nilichofurahia ni kuelewa kwamba kitunguu hakina ukali wowote mpaka kijeruhiwe. Kikiwa kizima kipo kimya. Ukitaka kulia kidogo, tumia kisu chenye makali, kwa sababu kisu butu kinasaga vyumba vingi zaidi.

Wadudu wasumbufu ni thripsi. Ni wadogo kama kipande cha uzi, rangi ya njano hafifu, wanajificha pale majani machanga yanapokutana, wanakwaruza ngozi ya jani na kunyonya, jani linabaki na michirizi ya fedha. Wanazidi Agosti na Septemba, ukavu ukikaza. Kukiwa na shaka, likung'ute jani juu ya karatasi nyeupe utawaona wakitembea. Kwenye tuta la nyumbani sijahitaji sumu. Asubuhi namwagilia kutoka juu, maji yaingie mpaka kwenye makwapa ya majani, na kila baada ya siku nne tano napuliza maji ya sabuni ya kipande. Asubuhi, ili jua likaushe majani mapema, usije ukafukuza thripsi ukakaribisha ukungu.

Kwenye kuvuna natofautiana na majirani wengi. Wakiona baadhi ya shingo zimelala, wanapita na mguu kuzikanyaga zilizobaki ili vitunguu "viive pamoja". Shingo iliyovunjwa kwa mguu ni kidonda, na kuoza kunaingilia hapo. Mimi zikilala zaidi ya nusu zenyewe, naacha kumwagilia wiki mbili, kisha nang'oa siku ya jua na kuvitandaza kibarazani kivulini penye upepo. Siku 10 mpaka 14. Shingo ikikauka hadi ukiifikicha inatoa sauti ya karatasi, nasuka mashada na kuyaning'iniza chini ya paa la jiko. Shada la Oktoba tunalila mpaka Februari, miezi ambayo sado ya vitunguu sokoni inatia uchungu kuuliza bei. Mkulima naye hafaidi kama tunavyodhani, maana msimu wa mavuno anauza kwa lumbesa, gunia limeshonewa kofia ya vitunguu juu yake, na kile cha juu hakilipwi. Sheria inaikataza lumbesa na bado inapita barabarani mchana. Shangazi anajua magunia mangapi ya bure yametoka mikononi mwake.

Vitunguu saumu ni habari nyingine, na kwa nyanda za juu ndiyo habari njema. Baridi inayochelewesha kitunguu maji ndiyo hasa anayoitaka saumu, kwani bila majuma kadhaa ya baridi anatoa kichwa kimoja kisichogawanyika punje. Shangazi alipoondoka mwezi ule wa saba aliahidi, na Aprili iliyofuata akaniletea vichwa vitano vya ngozi yenye zambarau, vimefungwa kwenye pembe ya kitenge. Tukavipasua pamoja. Punje kubwa za nje tukazitenga za kupanda, ndogo za ndani za mchuzi. Watu wengi hufanya kinyume, wanakula kubwa na kupanda takataka, na kila mwaka saumu yao inapungua. Ncha juu, kitako chini, sentimita 3 hivi za udongo, shibiri nusu kati ya punje na punje. Akaniambia punje hizo mama yake, yaani bibi yangu, ndiye aliyempa, na bibi alipewa na mama mkwe wake. Saumu tunayoipanda haizai mbegu. Kila punje ni kipande cha mmea uleule, kwa hiyo ninachomwagilia nyuma ya jiko ni kilekile alichokuwa akimwagilia bibi.

Liki napanda mistari miwili tu na kuiinulia udongo shina liwe jeupe. Haina masharti ya mwanga, inakubali mwaka mzima. Majani ya vitunguu ni rahisi zaidi: vitako vyenye mizizi vya vile vya sokoni navichomeka kwenye dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni, na ninakata kila wiki.

Vile vya Ujerumani sikuving'oa vyote. Tulikula majani yake kwenye maharage, yalikuwa matamu. Kumi hivi niliviacha, na Septemba vikanishangaza. Vikatoa mabua marefu yenye tumbo na uwazi ndani, na juu ya kila bua tufe la maua meupe lililojaa nyuki. Tunguu linangoja mwanga, lakini ua linangoja baridi, na usiku wa Juni na Julai wa Iringa, unaokaribia nyuzi 10, ulikuwa umevipa hiyo baridi. Niliyakata maua yale kabla hayajafunga mbegu, kwa sababu Mang'ola nilizoziacha kwa ajili ya mbegu nazo zilikuwa zimechanua upande wa pili, na nyuki hawana mpaka.

Wifi aliporudi likizo nikamsimulia yote. Akasikitika, kisha akaomba mbegu ya Red Creole, ili na yeye apate huko kitunguu chekundu cha kwao. Nikamweleza kwamba kule mambo yatageuka: mbegu yetu itaona mchana mrefu ikiwa bado mche, itadhani msimu umekwisha, itaweka tunguu kabla haijapata majani ya kulilisha. "Vitakuwa kama gololi, wifi."

"Nipe hivyohivyo."

Julai akanitumia picha. Kiganja chake, na ndani yake vitunguu vyekundu saba, ukubwa wa gololi kabisa, vimekauka vizuri, shingo zimefunga. Chini ameandika kwamba alivikata vyote saba akapata kachumbari ya sahani moja, na kwamba alilia kama yuko Ilula.